Besiki Mbili kwenye Mashine Moja

Haya, kaeni vizuri, na simu hizo ziwekeni pembeni kidogo. Hamtakufa.

Juzi binti wa jirani yangu hapa Kilakala, anayesomea mambo ya kompyuta, alikuja kunilalamikia. Kompyuta yake ina matoleo matatu ya lugha moja ya kuprogramu. Kazi ya chuo inataka toleo la zamani, kazi ya mteja wake inataka jipya, na la tatu hajui hata liliingiaje. Akiita programu, mashine inachukua toleo inalotaka yenyewe. "Bibi," ananiambia, "nyie enzi zenu mlikuwa na raha, mambo yalikuwa mepesi." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Raha! Mimi niliweka matoleo mawili ya lugha moja kwenye mashine ambayo diski yake haitoshi hata picha kumi za simu yako, na kwa sababu ya matoleo hayo mawili watu wa kijiji kizima kule juu ya Mkuyuni walifungiwa mfereji wao wa maji. Kosa lilikuwa langu. Si la mashine, si la umeme, wala si la shetani.

Nimekaa nalo muda mrefu. Sasa nimestaafu, sina bosi wa kunikunjia uso, nawasimulia.

Nilikuwa katika ofisi ya kupima mito hapa Morogoro. Jina lake la kiserikali lilikuwa refu mno, sisi tuliiita Vipimo tu. Mito inayoshuka kutoka Uluguru ilikuwa na mbao za kipimo, ubao uliochorwa namba kama rula kubwa, umesimikwa ndani ya maji. Kila mto ulikuwa na mtu wake, mkulima wa palepale, ambaye kila asubuhi anashuka mtoni, anasoma maji yamefika namba ngapi, anaandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi daftari linakuja kwetu mjini. Kutokana na namba hizo tulijua mto una maji kiasi gani, masika na kiangazi, na serikali ikitaka kumpa mtu kibali cha kutumia maji, inatuuliza sisi.

Mimi nilianza kama mpiga taipureta. Jedwali la mwaka mzima, karatasi tatu na kaboni katikati, ukikosea namba moja unachomoa zote unaanza upya. Niliwahi kukosea namba ya mwisho ya Desemba, nikaenda chooni kulia. Kwa hiyo aliyeniletea kompyuta hakuniletea anasa, aliniletea ukombozi.

Ilikuja wakati wa ruksa. Nyie hamkuuona. Kwa miaka tulipanga foleni ya sabuni, halafu ghafla kila kitu kikafunguliwa, na mjini hapa ukienda sokoni unakuta mitumba ya Ulaya, redio za kaseti mbili, mafuta ya nywele, na mashirika yetu ya umma mtu anaambiwa wiki ijayo yanauzwa. Katika vurumai hiyo mfanyabiashara mmoja wa Dar akatuuzia kompyuta. Moja. Tulitengewa chumba, tukakiwekea kapeti, na kabla ya kuingia unavua viatu. Mkuu wetu, Bwana Massawe, alimwomba mkewe afume kitambaa cheupe cha kuifunika, chenye maua pembeni. Mgeni akija ofisini, kwanza anaonyeshwa kitambaa, halafu kinafunuliwa taratibu. Basi sisi wote tunajikaza tusicheke.

Aliyenifundisha ni Bwana Haule, mhandisi kutoka Songea, mwembamba, mkali, mwenye kikohozi na moyo mzuri. Yeye mwenyewe alijifunza kutoka kwenye kitabu kimoja kilichokosa jalada. Lugha ilikuwa BASIC, sisi tukiiita Besiki. Nikiandika mstari ovyo ananigonga vidole kwa penseli. "Rehema," anasema, "hii mashine haina nia mbaya na haina huruma. Inafanya ulichoiandikia. Ulichokusudia ni siri yako wewe na Mungu wako." Nilimchukia miezi mitatu, kisha nikampenda kama kaka. Programu zote za mito aliziandika yeye, mimi nikiingiza namba kutoka kwenye madaftari. Miaka sita ya namba tuliingiza hivyo, mpaka mgongo wangu ukawa unajua Besiki.

Halafu kampuni binafsi ya Dar ikamchukua. Wakati huo wote wenye ujuzi walikuwa wanachukuliwa. Aliaga Jumatatu, Ijumaa hayupo. Aliniachia boksi la flopi, zile diski laini nyeusi za bapa, na akaniambia, "Usiogope. Unajua kuliko unavyodhani." Bwana Massawe akanitoa kwenye taipureta siku hiyohiyo. Mpiga chapa, mwanamke, kidato cha nne, ndiye mwenye kompyuta! Kuna wataalamu wa shahada walionuna mpaka midomo ikawauma.

Mimi sikujali. Nilikuwa nimeshaonja.

Mwaka uliofuata likaja toleo jipya la Besiki. Lilikuwa tamu, jamani. La zamani lilitaka kila mstari uwe na namba, na ukikosea linakwambia tu umekosea, hangaika. Jipya lilikuwa na skrini ya bluu, linakuonyesha mstari wenyewe, linakusogeza huku na huku. Nikaandika programu mpya ya mito kwa wiki mbili. Ila nilipotaka kufungua za Bwana Haule kwa toleo jipya, nyingine zilikubali, nyingine zikatoa takataka. Sasa nifanye nini? Niandike upya kila kitu? Nani ana muda huo, na kila siku mgao wa umeme unakukatisha katikati ya sentensi?

Nikaamua kuyaweka yote mawili.

Hapa ndipo nawaomba msikilize, maana ndilo tatizo lenu lilelile, nguo tu zimebadilika. Ukiiambia mashine "Besiki", inaijuaje iko wapi? Inayo orodha ya mahali pa kutafuta, sisi tuliiita njia. Inaanza mahali pa kwanza. Ikikuta kitu chenye jina hilo, inachukua. Ikikosa, inakwenda pa pili, pa tatu. Sawa na wewe unamtafuta Juma mtaani: unagonga nyumba ya kwanza, kama hayupo unagonga ya pili, na Juma wa kwanza kutokea unamshika mkono mnaondoka. Hukuuliza Juma yupi.

Mimi nikaandika amri mbili ndogo. Moja niliiita ZAMANI, nyingine SASA. Ukiandika ZAMANI, njia inabadilika, toleo la zamani linakuwa la kwanza kutafutwa. Ukiandika SASA, jipya linakuwa mbele. Ofisi nzima walishangaa. Hata wale wa shahada walikuja kuvua viatu kuangalia. Nilitembea mabega juu wiki nzima.

Hesabu ya mto mmoja ikawa hivi. Miaka sita ya zamani inajumlishwa na Besiki ya zamani, miaka minne mipya inajumlishwa na Besiki mpya, kisha jumla zinaunganishwa unapata wastani. Kwa nini nisiisome yote kwa toleo moja? Kwa sababu matoleo yale mawili hayakuhifadhi namba za desimali kwa mtindo mmoja. Bwana Haule alishaniambia hilo kwa barua: faili la zamani likisomwa na toleo jipya halitoi kelele, halikatai, linakupa namba nyingine kabisa. Nililijua hilo! Ndiyo maana naona uchungu mpaka leo. Nilijua, na nikajiona nimeshalidhibiti.

Kisha nikaongeza ujanja. Diski ilikuwa imejaa, nikatafuta nafasi. Nikaliondoa toleo la zamani kwenye diski, nikaliweka kwenye flopi yenye lebo nyekundu, na njia nikaiambia ianzie kutafuta kwenye flopi. Halafu nikaunganisha hatua zote ziwe amri moja. Unachomeka flopi nyekundu, unaandika neno moja, unakwenda kunywa chai, ukirudi wastani umetoka kwenye printa, mstari mmoja safi. Na Besiki zote mbili nilizipa jina moja, eti nisichanganyikiwe.

Mnacheka? Subirini.

Kwenye mto mmoja juu ya Mkuyuni, tuuite Lubwele, msoma kipimo wetu alikuwa Mzee Salum. Mluguru wa milimani kabisa, kofia ya kufuma, koti la mtumba lenye mikono mirefu kuliko mikono yake. Alikuwa anasoma ubao ule tangu kabla sijaajiriwa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa Bwana Massawe. Pale Lubwele walikuwa na mfereji waliouchimba babu zao, unachepusha maji kutoka mtoni, unazunguka ubavu wa mlima, unamwagilia nyanya, maharage na migomba, na humohumo watu wanachota. Mzee Salum alikuwa na bustani yake ya nyanya kwenye mfereji huohuo. Kiangazi, bustani ile ndiyo ada ya wajukuu, ndiyo kila kitu.

Basi akaja mwekezaji. Wakati ule neno lenyewe lilikuwa jipya, watu walilitamka kama jina la malaika. Alitaka shamba kubwa bondeni na maji ya Lubwele. Serikali ikatuuliza: kiangazi, mto huu una maji ya kutosha shamba na mfereji?

Siku hiyo nilikuwa na haraka. Nikaandika neno langu moja, nikaenda kunywa chai na vitumbua vya mama wa getini. Niliporudi mstari ulikuwa umetoka. Wastani wa maji ya kiangazi ulikuwa chini ya nusu ya nilivyotarajia. Nikasema, ehe, kumbe mto ni mdogo hivi. Nikausaini.

Uamuzi ukatoka haraka: mto hautoshi wawili, mfereji ufungwe wakati wa kiangazi, maji yashuke bondeni. Tukaenda Lubwele kusoma uamuzi, Bwana Massawe, afisa wa wilaya na mimi, ndani ya darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mimi ndiye niliyesoma takwimu. Nilipomaliza Mzee Salum akainuka. Alivua kofia.

"Binti yangu," alisema, na ile lafudhi yao inayopanda mwisho wa sentensi, "mimi ndiye ninayeusoma mto huu. Sijawahi kuuona mdogo hivyo. Namba hizo zimetoka kwa nani?"

"Zimetoka kwako mzee," nikamjibu. "Zipo kwenye kompyuta."

"Basi kuna mahali zimepunguka."

Nikatabasamu. Lile tabasamu la mtu wa mjini, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Mzee wangu, kompyuta haidanganyi."

Akanitazama, akavaa kofia yake, akaketi. Sikufikiri tena habari zake mpaka siku ya kumi na moja tangu mfereji ufungwe.

Siku ya kumi na moja Dar waliomba jedwali kamili la Lubwele, mwaka kwa mwaka, waliambatanishe kwenye faili la kibali. Nikabadilisha programu kidogo ichapishe kila mwaka peke yake. Printa ikaanza kulia, krr, krr, nami nasoma karatasi inavyotoka. Mwaka wa kwanza: 0.00. Wa pili: 0.00. Nikasema wino umeisha. Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, yote 0.00. Kuanzia wa saba, namba za kawaida, nzuri, za mto mzima.

Sasa katika ile miaka sita kuna mmoja tuliokuwa tunausimulia ofisini, mto ulijaa ukabeba ubao wa kipimo wenyewe na nguzo zake, tukapeleka ubao mwingine. Mwaka huo nao kompyuta inasema 0.00. Mto uliobeba ubao na nguzo zake haukuwa na tone la maji!

Niliinama nikachomoa flopi iliyokuwa kwenye mashine. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya Bwana Massawe, ina orodha ya sauti za kwaya ya kanisani kwake: soprano nani, besi nani. Alikuwa na tabia ya kuja mapema kuandika mambo ya kwaya kabla sisi hatujafika, na flopi yake anaisahau mle. Na siku ile ya vitumbua pia sikuangalia iliyomo ndani ni ipi, nilidhani ni nyekundu. Mashine ilienda kwenye flopi kumtafuta Besiki, ikakuta kwaya. Ikasogea mahali pa pili, ikamkuta Besiki mpya, jina lilelile, ikamshika mkono. Besiki mpya akasoma faili za zamani kwa mtindo wake, akaziona namba ndogo mno, ndogo zisizoandikika, na programu yangu ikizikata kwenye desimali mbili zikawa sifuri. Sifuri sita zikajumlishwa na miaka minne mizima, zikagawanywa kwa kumi, na mimi nikasaini.

Hakuna kilicholia. Hakuna kilichokataa. Kila kitu kilifanya nilichokiandikia.

Nilifungua kabati la madaftari. Nikakaa chini kwenye kapeti, nikapiga hesabu ya mwaka mmoja kwa mkono kutoka kwenye mwandiko wa Mzee Salum. Ulikuwa mto mzuri, wenye maji ya kutosha mfereji wao, na ziada. Nikalia, na safari hii sikwenda chooni.

Bwana Massawe hakuwa mtu mbaya. Alisoma karatasi zangu, halafu akaiona flopi yake mkononi mwangu, akajifuta jasho. "Rehema, tulia," akasema. "Tutaandika barua. Tutasema ni marekebisho ya kitaalamu. Itafika."

"Itafika lini, bosi? Mfereji umefungwa leo siku ya kumi na moja. Hiki ni kiangazi."

"Ukienda pale ukasema ofisi ilikosea, kesho kila kijiji kitasema tumekosea. Ofisi itaonekana vipi?"

"Itaonekana imekosea," nikamwambia. "Si ndivyo?"

Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo. Akasema gari halina mafuta. Nikasema nitapanda pikapu za wachuuzi wa ndizi, asubuhi zinarudi Mkuyuni tupu. Nilipofika mlangoni akaniita. Nilidhani ananizuia. Kumbe anaandika barua kwa kalamu palepale, anaigonga mhuri, ananipa: mfereji ufunguliwe mpaka hesabu irudiwe. Alikuwa mwoga, lakini mkono wake ulisaini. Nimemshukuru kwa hilo miaka yote.

Kabla sijafika Lubwele, niwape niliyoyashika, maana nikishafika kule sitarudi kwenye mambo ya mashine.

Usiyape matoleo mawili jina moja. Kila moja liwe na jina lenye namba yake, uchukie kuliandika, liandike hivyohivyo. Mstari wa kwanza wa kila programu uulize: wewe ni toleo gani? Kama si lile linalotakiwa, isimame, ipige kelele, ikatae kazi. Mimi baada ya siku ile programu zangu zilikuwa na matusi kwenye mstari wa kwanza, ukija na toleo lisilo lake unatukanwa kwa herufi kubwa. Wale wa shahada walitukanwa sana.

Usitoe toleo la zamani kabla hujahamisha faili la mwisho lililozaliwa nalo. Na ukihamisha, zihamishe namba ziwe maandishi ya kawaida yanayosomeka kwa macho. Mimi nilikaa miezi minne nikihamisha mito yote, na tangu hapo hakuna toleo lililonisumbua. Yamekuja mengine mengi mpaka nimestaafu, nimeyapokea yote kwa mlango mmoja: kabla ya kuliamini, nalipatia mwaka mmoja wa Lubwele ambao jibu lake nalijua kwa mkono. Likikosea, linasubiri nje.

Na kubwa: hesabu inayotoka mstari mmoja safi, huku wewe unakula kitumbua, iogope. Ichapishe hatua zake hata kama karatasi ni ghali. Na mtu aliyesoma ubao akikwambia namba zimepunguka, usitabasamu.

Haya, twendeni.

Kutoka barabarani ni kupanda kwa miguu. Nilikuwa na viatu vya ofisini, nikavivua nusu ya njia. Pembeni ya njia mfereji ulikuwa mkavu, matope yamepasuka vipande vipande. Mwenyekiti wa kijiji alipoona mhuri akapiga kengele ya shule, watu wakaja palepale kiwanjani, wengine na majembe yao. Mzee Salum alikuja wa mwisho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umefika salama?" Kama vile hakuna kilichotokea. Afadhali angenitukana.

Nikasimama mbele yao nikasema. Sikusema ofisi, nilisema mimi. Nikasema mto wao una maji, siku zote ulikuwa na maji, namba za Mzee Salum zilikuwa sahihi tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, na mimi ndiye niliyezipigia hesabu vibaya halafu nikamfanya yeye aonekane hajui. Nikasema naomba radhi. Mwanamume mmoja akauliza kwa sauti, "Na nyanya zetu?" Nikamwambia nyanya siwezi kuzirudisha.

Watu wakaanza kupiga kelele. Mzee Salum akanyoosha mkono wakanyamaza.

"Walikuja na karatasi," akasema, bila kunitazama, "na hawa wenzangu walikataa kuufunga mfereji. Mimi ndiye niliyewashawishi. Niliwaambia, hizo namba zimetoka kwangu, zimekwenda kwa watu waliosoma, hawawezi kuziharibu. Mimi ndiye niliyeshuka pale kwenye mto nikaweka mawe ya kwanza." "Bustani ya kwanza kukauka ni yangu."

Jamani. Nimefiwa na wazazi, nimefiwa na mume. Lakini maneno yale nilipoyasikia nilitamani ardhi inimeze.

"Basi twende," akaniambia. "Kaufungue mwenyewe."

Tukashuka mtoni, kijiji chote nyuma. Pale mfereji unapoanzia walikuwa wamepanga mawe, wakajaza udongo na magogo ya migomba, kazi imara ya watu wenye hasira. Hakuna aliyenisaidia, na sikuomba. Niliikunja sketi, nikaingia maji ya magoti, baridi ya mlimani, nikaanza kung'oa. Kucha mbili zilikatika. Watoto walicheka nilipoanguka, mama mmoja akawakemea. Sijui ilichukua muda gani. Gogo la mwisho lilipotoka maji yaliingia yenyewe, ya rangi ya chai, yanasukuma majani makavu mbele.

Mzee Salum akayafuata, nami nikamfuata Mzee Salum. Yalipita kwenye bustani yake. Nyanya zilikuwa zimekauka zimesimama, ukizigusa zinavunjika. Aliziangalia, akachepusha maji yaingie hivyohivyo, akachukua jembe akaanza kuzilima chini. Akanipungia mkono, niende zangu.

Nikaendelea kushuka peke yangu na maji, mpaka nyumba ya mwisho ya mfereji. Bibi mmoja mzee kabisa, asiyeweza kupanda hadi shuleni, alikuwa ameyasikia yanakuja, amekwishatoka na ndoo na kata. Aliyaacha yale machafu ya mbele yapite kwanza, akangoja, akangoja, yakatulia, akachota. Aliniona nimesimama, nimelowa, viatu mkononi.

"Unatoka wapi mwanangu?"

"Mjini, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Huko mjini kuna mtu wa kompyuta, eti alisema mto wetu hauna maji." Akanyoosha kata kwangu. "Shika, unywe. Ukimwona, mwambie."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikanywa yote. Kisha nikamwambia, "Bibi, ni mimi."

Akaniangalia usoni, akaniangalia mikono, akaniangalia miguu yenye matope. Akaichukua kata, akainama, akaijaza tena mpaka inamwagika.

"Basi kunywa tena," akasema.